Nyumba ya Bata Juu ya Nguzo

Tundu lina upana wa sentimita 10 na kimo cha sentimita 7.5, umbo la yai lililolazwa. Bata jike hulijia kwa kasi kutoka majini, hujishika ukingoni kwa kucha na kuzama ndani mara moja. Rakuni mzima, mla mayai aliyetapakaa misituni na mitaani kote mashariki mwa Marekani, akilijaribu hukwamia mabegani. Tofauti hiyo ndogo ya unene, kati ya ndege na mwizi wake, imewawezesha watu wa kawaida wenye ua na bwawa nyuma ya nyumba kumpatia makazi bata wa mwituni ambaye babu zao nusura wammalize.

Bata huyo ni bata-msitu, Aix sponsa kwa jina la kisayansi. Ni mdogo kuliko bata wa kufugwa. Wengi wana uzito wa kati ya nusu kilo na robo tatu. Dume ni miongoni mwa ndege wazuri kuliko wote wa bara lile: kichwa cha kijani chenye mng'ao wa zambarau, kishungi kilicholala hadi kisogoni, macho mekundu, kifua cha hudhurungi iliyoiva chenye vitone vyeupe. Jike amevaa rangi ya gome la mti, na duara jeupe limelizunguka jicho lake. Wanaishi kwenye mabwawa yenye miti, kingo za mito na vinamasi, kuanzia Ghuba ya Meksiko hadi kusini mwa Kanada, na wengine wako upande wa Pasifiki. Hula mbegu za mialoni, mbegu za mimea ya majini na wadudu. Hutua juu ya matawi bila taabu, na wakikimbizwa hupita katikati ya miti kwa mbio huku wakijipinda kulia na kushoto.

Na hutaga ndani ya miti. Shida yao ilianzia hapo, maana bata hana mdomo wa kuchimbia. Humngoja mwingine amchimbie. Huenda ni tawi lililovunjwa na upepo, ukungu ukaingia kwenye jeraha na moyo wa mti ukaoza taratibu. Huenda ni kigogota mkubwa wa kishungi chekundu, anayekaribia ukubwa wa kunguru, aliyetoboa chumba chake, akakitumia, kisha akakihama. Mti wenye shina nene la kubeba pango kama hilo huwa umeishi miongo mingi. Ukiangushwa, hakuna namna ya kuharakisha mwingine.

Nayo miti iliangushwa. Bonde la chini la mto Mississippi peke yake lilikuwa na karibu hekta milioni 10 za misitu ya tambarare za mafuriko; leo imebaki takriban robo. Kwingineko vinamasi vilikaushwa ili vilimwe. Wakati huohuo, mwishoni mwa karne ya 19, wawindaji wa biashara waliwaua ndege wa majini ili kuyalisha masoko ya mijini. Waliwinda hata majira ya kuchipua, wakati jike amebeba mayai. Manyoya ya dume yalitafutwa kwa ajili ya kofia na kwa chambo bandia za wavuvi wa mitoni. Mwaka 1901 George Bird Grinnell, ambaye mwenyewe alikuwa mwindaji na mhariri wa jarida la wawindaji, alionya kwamba bata huyu yuko njiani kutoweka. Katika miaka ya 1920, huko Litchfield, Connecticut, Alain White aliwanunua bata-msitu kutoka kwa wafugaji wa Ubelgiji, akawazalisha na kuwaachia huru. Ndege wa Marekani alikuwa amekuwa haba kwao kiasi kwamba mbegu yake ilifuatwa ng'ambo ya bahari.

Nafuu ya kwanza ililetwa na sheria. Mwaka 1916 Marekani ilitia saini mkataba wa kuwalinda ndege wahamao na Uingereza, iliyoiwakilisha Kanada. Mwaka 1918 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuutekeleza, na uwindaji wa bata-msitu ukapigwa marufuku nchi nzima hadi mwaka 1941. Miaka 23 ya kutopigwa risasi iliwapa nafasi ya kupumua, na wakaanza kuongezeka. Lakini palipokatwa miti mikubwa, majike waliozunguka majira ya kuchipua wakitafuta pango hawakulipata, na kwa upungufu huo sheria haikuwa na dawa.

Dawa ilitafutwa kando ya mto Illinois, karibu na mji mdogo wa Havana. Mwaka 1937 mamia ya masanduku ya mbao yalitundikwa katika hifadhi ya Chautauqua, na muda si mrefu Frank Bellrose na Arthur Hawkins, wa idara ya jimbo la Illinois ya utafiti wa viumbe, wakaanza kutundika ya kwao na kuyakagua moja moja. Bata waliyakubali upesi. Rakuni na kindi nao walijifunza upesi kwamba ndani ya kila sanduku mna mlo. Bellrose akajaribu matundu ya vipimo mbalimbali, masanduku ya bati, na kinga za kuzuia wapandaji. Lile tundu la umbo la yai ni matunda ya majaribio hayo. Aliendelea na ndege huyu maisha yake yote. Mwaka 1994, pamoja na Daniel Holm, alitoa kitabu kikubwa kuhusu maisha na utunzaji wa bata-msitu, na alifariki mwaka 2005.

Ninamheshimu Bellrose hasa kwa jambo moja. Hakuridhika kuona sanduku limejaa mayai; alirudi kuhesabu yaliyoanguliwa. Watu wengi wanaotundika masanduku leo huishia kwenye furaha ya kumwona jike akiingia. Furaha hiyo ninaielewa, lakini hesabu inayomfaa bata ni ya vifaranga waliofika majini. Yote ninayoyaandika hapa chini kuhusu mbao, nguzo na mahali yanaifuata hesabu hiyo.

Sanduku lenyewe, mtu aliyezoea mizinga ya nyuki angelielewa kwa kulitazama tu: chumba chenye giza, mlango mdogo, na upande unaofunguka wakati wa kazi. Mwerezi hupendwa kwa kuwa hustahimili mvua miaka mingi bila rangi. Sakafu ni kama sentimita 25 kwa 25, na kimo ni 60. Tundu hukatwa upande wa juu, zaidi ya sentimita 40 kutoka sakafuni, ili mkono wa rakuni ukiingia usiyafikie mayai. Sakafuni hutobolewa vijitundu vya kutolea maji. Upande mmoja hufungwa kwa bawaba na komeo, kwa sababu sanduku lisilofunguka halisafishiki, na lisilosafishwa haliwafai bata muda mrefu. Rangi au dawa ya mbao isipakwe ndani kabisa.

Kuna kitu kimoja ambacho mafundi wengi wa mara ya kwanza hukisahau, na kosa lake halionekani nje. Ubao wa mbele, upande wa ndani, chini ya tundu, lazima ukwaruzwe mistari ya kina kwa msumeno, au ubandikwe wavu wa waya uliokunjwa kingo zake zisichome. Hiyo ndiyo ngazi ya vifaranga. Ndani ya mti uliooza kuta zina makovu na nyuzi za kushika. Ubao uliopigwa randa ni laini, na kifaranga wa siku moja huuparamia akaanguka, akauparamia tena akaanguka, hadi nguvu zimwishie huku mama anamwita kutoka nje.

Sakafuni huwekwa maranda ya mbao, kina cha sentimita 8 hadi 10. Bata-msitu habebi nyasi wala vijiti. Hutagia juu ya kile alichokikuta, kisha hujinyonyoa manyoya laini ya kifuani na kuyatandaza juu ya mayai. Katika pango la asili hukuta ungaunga wa mti uliooza. Katika sanduku tupu hukuta ubao mkavu, na mayai huviringika yakagongana. Unga wa msumeno haufai badala ya maranda: hushika maji, ukashindiliana.

Baada ya hapo ni nguzo, na hapa namwomba msomaji asiwe na haraka. Wengi hupigilia sanduku kwenye mti kwa sababu mti upo tayari na unapendeza. Mti una magome ya kushika na matawi yaliyopakana na miti mingine. Rakuni hupanda, na nyoka pia. Yupo nyoka mweusi wa huko, mpanda miti hodari anayefikia mita moja na nusu na zaidi, ambaye huingia tunduni bila shida na kuyameza mayai moja baada ya jingine. Umbo la tundu halimzuii. Kinachomzuia ni nguzo ya chuma iliyosimama peke yake, mbali na matawi yanayoning'inia, na chini ya sanduku koni ya bati yenye kipenyo cha sentimita 90 iliyokaza pande zote za nguzo. Ikiachwa nafasi ya vidole viwili, nyoka hupita hapohapo.

Sanduku lisilo na kinga ni baya kuliko kutokuwa na sanduku. Najua kauli hiyo ni nzito, na sababu yake ni hii. Msituni mapango yametawanyika, kila moja na sura yake, na mwindaji wa usiku hupoteza muda mwingi kuyatafuta. Masanduku yana sura moja. Rakuni aliyekula kwenye moja hulitambua la pili kwa mbali, na usiku mmoja anaweza kuyamaliza yote yaliyo kando ya bwawa. Hali mayai peke yake; jike aliyeatamia hana mlango wa pili wa kutokea. Akifa yeye, hufa pia mayai ya miaka ambayo angeishi.

Hatari ya pili haitoki kwa adui yeyote. Hutoka kwa bata wenyewe, na kwa sehemu kubwa ilisababishwa na nia njema ya watu. Kwa miaka mingi hifadhi nyingi zilitundika masanduku mahali pa wazi juu ya maji, karibukaribu, mengine mawili au matatu yakipeana mgongo kwenye nguzo moja. Ilikuwa rahisi kuyahudumia, na yalijaa. Sanduku moja liliweza kukutwa na mayai 30, hata 40, wakati jike mmoja hutaga kumi na kitu tu. Watunzaji walifurahi. Kisha waliona kuwa wanaoanguliwa hawalingani na mayai.

Brad Semel na Paul Sherman, wa Chuo Kikuu cha Cornell, walilichunguza jambo hilo katika miaka ya 1980. Bata-msitu jike ana tabia ya kumfuata mwenzake anayekwenda kutaga, na kutaga yai lake katika kiota hicho. Msituni tabia hiyo ina mpaka, kwani mapango yamejificha na jike huyaendea kwa siri. Masanduku yaliyopangwa mahali peupe huondoa siri hiyo: kila jike anamwona kila jike. Wageni huingia mchana kutwa, huparurana ndani, mayai huvunjika, mengine huzikwa chini ya mengine, na mwenye kiota huweza kukata tamaa akahama. Sanduku lililojaa mayai kuliko yote linaweza kutoa vifaranga wachache kuliko jirani yake lenye mayai kumi na mawili. Semel na Sherman waligundua kwamba masanduku yaliyotengwa na kufichwa kati ya miti, yakaachwa yafanane na mapango ya asili kwa mahali yalipo, yaliingiliwa na wageni kwa kiwango kidogo na mayai yake mengi zaidi yaliangulika.

Joto nalo lina sehemu yake. Gary Hepp wa Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama, na wenzake waliyaweka mayai ya bata-msitu kwenye viwango tofauti vya joto kati ya nyuzi 35 na 37. Tofauti inaonekana ndogo, lakini mayai ya joto la chini yalichelewa kuangulika na vifaranga wake walitoka dhaifu. Sasa fikiria mwili mmoja wa nusu kilo na ushei ukijaribu kuyafunika mayai arobaini.

Kwa mwenye ua, somo la Semel na Sherman ni rahisi kulitumia kuliko kwa hifadhi kubwa. Sanduku moja linatosha. Mwenye eneo kubwa anaweza kuweka la pili, lakini mbali, mahali ambapo mtu aliyesimama kwenye moja halioni jingine. Moyo wa kuongeza idadi kwa sababu la kwanza limejaa ndio hasa wa kujizuia.

Jike huchagua mahali akiwa na dume wake nyuma. Kusini, Louisiana au South Carolina, kutaga huanza Februari na wakati mwingine kabla. Minnesota au Maine husubiri barafu iyeyuke, mpaka Aprili. Hutaga yai moja kwa siku, la rangi ya maziwa, na huatamia mayai yakishatimia ili yote yaangulike pamoja. Huatamia kwa siku 30 hivi, akitoka asubuhi na jioni kwenda kula, baada ya kuyafunika mayai kwa manyoya. Dume humsindikiza mwanzoni, kisha huondoka kabla mayai hayajaanguliwa, akaenda kujificha mahali pa kupukutisha manyoya yake ya fahari. Kusini, ambako msimu ni mrefu, jike mmoja anaweza kulea watoto mara mbili kwa mwaka mmoja, jambo ambalo bata wengine wa Marekani Kaskazini hawana mazoea nalo.

Siku za mwisho vifaranga husikika wakilia ndani ya mayai. Gilbert Gottlieb, aliyefanya utafiti wake North Carolina, alionyesha kwamba sauti hizo zina kazi. Kifaranga wa bata aliyezuiwa kusikia sauti yake na ya ndugu zake kabla ya kuanguliwa hakuutambua mwito wa mama wa aina yake ipasavyo baada ya kutoka. Kwa hiyo kabla hajaiona nuru ameshaanza kujifunza amfuate nani. Na atahitaji elimu hiyo haraka sana. Ndani ya saa 24 hivi tangu kuanguliwa, kwa kawaida asubuhi, mama huchungulia nje muda mrefu, kisha hushuka na kuita kwa sauti ya chini. Vifaranga hupanda ukutani kwa vijikucha vyao vikali, hujitokeza tunduni mmoja baada ya mwingine, na hujirusha. Kutoka kwenye mti mrefu huanguka mita kumi na tano na zaidi bila kuumia, kwa kuwa ni wepesi na wamejaa malaika mwili mzima. Dakika chache tu, wote wako chini wakimfuata mama.

Kisha huanza safari ya kwenda majini, na safari hii ndiyo inayopaswa kuamua kama ua wako unafaa. Mtu akiniuliza asanifu sanduku la aina gani, mimi humwuliza kwanza kuna nini kati ya ua wake na maji. Vifaranga wanaweza kutembea mamia ya mita kwenye majani. Barabara yenye magari ni habari nyingine. Ukingo wa saruji au mfereji wa wima huwashinda kabisa. Paka wa jirani hahitaji zaidi ya asubuhi moja. Na maji yenyewe yawe na mimea, magogo yaliyolala, vichaka vilivyoinamia ukingoni, maana katika majuma mawili ya kwanza vifaranga wengi huliwa na samaki wakubwa, kasa na ndege wawindaji. Bwawa lililokatwa nyasi hadi mstari wa maji hupendeza machoni, ila kifaranga halimfichi. Mwenye bwawa la namna hiyo atamsaidia bata zaidi kwa kuacha ukanda wa majani marefu usifyekwe kuliko kwa kununua mbao.

Si lazima mgeni awe bata-msitu. Bata mla samaki mwenye kishungi cheupe kinachofunguka, Lophodytes cucullatus, hupenda masanduku yaleyale, na mara kwa mara mayai yake meupe ya mviringo hukutwa yamechanganyika na ya bata-msitu. Jike yeyote atakayeatamia huwalea wote. Texas na majimbo ya jirani kuna bata mwenye mdomo mwekundu na tumbo jeusi, Dendrocygna autumnalis, ambaye naye hukubali. Bundi mdogo akihamia, aachwe. Sheria ile ya 1918 humkataza mwenye ua kuhamisha mayai au kuvuruga kiota chenye mayai cha ndege wa asili wa nchi ile, na haimruhusu kuchagua anayempenda. Anayeweza kutolewa ni kwezi wa Ulaya, aliyeachiwa New York, katika bustani ya Central Park, mwaka 1890 na sasa ametapakaa bara zima. Huyo huliziba sanduku kwa majani makavu, na kumwondoa kunahitaji uvumilivu wa kurudi tena na tena.

Afrika Mashariki pia tuna bata wanaotaga mitini, na nashangaa jinsi tunavyowazungumzia kwa nadra. Sarkidiornis melanotos, bata mkubwa ambaye dume wake ana nundu juu ya mdomo, huja na mvua kwenye mbuga na mabwawa ya Tanzania na Kenya na hutafuta pango la mti. Nettapus auritus, kabata kadogo kuliko wote wa kwetu, kenye mashavu meupe na ubavu wa rangi ya chungwa, huishi kwenye maji yenye mayungiyungi na hutaga katika matundu ya miti ya kando. Wakikosa pango, huweza kutumia jumba kuukuu la fundichuma, lile lundo la vijiti kwenye panda ya mti ambalo watu wengi huogopa kuligusa. Bata bukini naye hulitumia.

Kwa bata hawa sioni kwamba masanduku ndiyo pa kuanzia. Marekani iligeukia mbao baada ya kuipoteza misitu yake ya mtoni, na hata hivyo, sehemu kubwa ya bata-msitu bado huzaliwa katika mapango ya miti. Masanduku yote ya hifadhi na ya nyumbani yakijumlishwa hayajachukua nafasi ya msitu. Kuongezeka kwa ndege hawa kulisaidiwa pia na miti iliyoota upya ikakua, na kurudi kwa biva, mnyama ajengaye mabwawa, ambaye naye alikuwa ameangamizwa kwa ajili ya ngozi yake. Sisi bado tunayo mikuyu minene kando ya mito mingi, ingawa mkaa na mbao vinaipunguza. Mkuyu wenye tundu huonekana hauna thamani kwa fundi wa mbao, kwa hiyo huishia kuwa kuni. Mimi ningeanza na huo: vijiji vyenye sheria ndogo za kulinda kingo za mito viutaje mti wenye pango kwa jina, kama vinavyoitaja chemchemi.

Kwa ndugu zetu walioko Minnesota, Ohio au Maine, ambao wana ua, maji na hamu ya kujaribu, kazi hufanyika wakati wa baridi. Barafu ikishakuwa nene ya kubeba mtu salama, nguzo iliyo katikati ya bwawa hufikiwa kwa miguu, jambo lisilowezekana kwa urahisi Julai. Fungua upande wa bawaba. Toa maranda ya mwaka jana pamoja na maganda, na usitupe bila kutazama: utando mgumu wa ndani ya yai, uliobaki mzima kama kijifuko, ni alama kwamba kifaranga aliangulika, lakini yai zima lililooza au vipande vilivyotapakaa vina habari nyingine. Andika ulichokikuta na tarehe. Kagua ngazi ya ndani, kaza skrubu za koni, kata tawi lolote lililokua kuelekea sanduku. Weka maranda mapya na ufunge komeo. Yote hayo yawe yamekwisha kabla ya Machi, kwa sababu majike waliozaliwa au waliozalia hapo hurudi eneo lilelile, na mara nyingi mwenye sanduku la mwaka jana huliendea moja kwa moja.